Mafundo Yaliyoelekea Kushoto

Ndugu yangu alizaliwa miezi mitano baada yangu, na bado maisha yangu yote nimekuwa nyuma yake. Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mama yake ndugu yangu aliolewa kwanza, kwa hiyo nyumba yao ikawa nyumba kubwa. Mama yangu aliolewa wa pili, na kutangulia kwangu kulia duniani hakukubadilisha chochote. Kwetu, pale ziwani karibu na Sori, hilo halikuwa jambo la kubishania. Kama nyumba kubwa haijapanda, nyumba ya pili haipandi. Kuna mwaka mvua ilianza vizuri na mama mkubwa akawa kitandani na malaria. Tulikaa siku nne tukitazama udongo ukiloa na mbegu ziko kwenye debe, mpaka alipopata nguvu za kutoka na kutupa punje chache kwenye shamba lake. Mama yangu alimpelekea uji siku zote hizo nne. Mimi nilikaa mlangoni nikinuna.

Kwa hiyo nikisema nilikuwa na wivu, mtu asifikiri ni wivu wa kuibuka ukubwani kwa sababu ya mwanamke au ya mali. Nilikua nao kama mtu anavyokua na pumu. Kuna siku haunisumbui, na kuna siku nashindwa hata kuvuta hewa. Mama yangu aliuona mapema. Nilipokuwa mdogo alinipa ndizi mbili, moja yangu na moja nimpelekee ndugu yangu, nami nikazila zote mbili nyuma ya choo. Alinikuta na maganda. Hakunichapa, alinitazama tu, na ningependa zaidi angenichapa.

Baba alifariki tukiwa bado shuleni, na ami yetu ndiye aliyetufundisha kazi ya kufunga nyavu. Wavu ukinunuliwa dukani huwa ni kitambaa kitupu cha nailoni. Lazima ufungwe kwenye kamba ya juu yenye vyelezo vya kuelea na kamba ya chini yenye mawe, fundo baada ya fundo, mamia ya mafundo, ndipo usimame majini kama ukuta. Tuliketi ami katikati, ndugu yangu kuume kwake na mimi kushoto kwake, maana mimi natumia mkono wa kushoto na viwiko vyetu vilikuwa vikigongana. Ndugu yangu alifunga haraka. Mimi nilifunga vizuri zaidi, na hilo nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Katika miaka ya tisini wavuvi wa pande zetu walikuwa na shida moja kubwa. Mbali kidogo na ufuo, mwendo wa nusu saa kwa makasia, kuna mwamba uliozama. Samaki aina ya ngege walipenda kuzalia kwenye mianya yake, na nyavu zilipenda kukwama hapo hapo. Mvuvi akivuta na wavu ukikataa, anakata kamba na kwenda zake. Wavu unabaki chini, unaendelea kunasa samaki ambao hakuna anayekuja kuwachukua, wanaoza humo, na harufu yao inavuta wengine. Juu ya hayo kulikuwa na matairi, chupa, mifuko ya plastiki, vyandarua vilivyochanika. Tulianza watu sita kwenda kuvitoa. Hatukuwa na kifaa chochote isipokuwa pumzi zetu wenyewe, visu vya jikoni vilivyofungwa kwa uzi kwenye vifundo vya mikono, na magunia. Hakuna aliyetutuma, wala aliyetulipa.

Kupata siku ya kazi ndiyo ilikuwa mbinde. Jumamosi watatu kati yetu walikuwa Wasabato, Jumapili wawili walikuwa Wakatoliki, kuna siku ya soko, kuna siku ya kupokea lori la samaki kutoka Homa Bay. Ikabaki Alhamisi. Watu wa ufuoni walitucheka kwamba tunaenda kuvua takataka. Baada ya miezi michache samaki walianza kurudi mwambani, na kicheko kikapungua.

Maji ya kwetu si ya kuona. Ni ya kijani, mazito, ukinyoosha mkono huoni kucha zako. Ukifika chini unafanya kazi kwa vidole. Unapapasa jiwe, unapapasa kamba, unafuata kamba mpaka mahali iliposhikwa, unakata, unapanda juu kuvuta pumzi, unarudi. Ndugu yangu alikuwa na pumzi ndefu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mimi nikirudi juu mara tatu, yeye alirudi mara moja, anacheka, maji yanamtoka puani. Watu mashuani walipiga makofi. Nami nilipiga, mikono yangu ikigusana kidogo tu.

Na kila Alhamisi yeye ndiye aliyeingia majini kwanza. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Mashua ilipofika mwambani sote tulikaa tu, tunakohoa, tunarekebisha kamba za visu, mpaka mwana wa nyumba kubwa aingie. Mimi niliingia wa pili. Wanne waliobaki, ambao hawakuwa wa ukoo wetu, waliingia wanavyotaka.

Kisha akaja yule mwalimu. Alikuwa mwanamke wa pwani, Mwislamu, mwembamba, aliyeletwa na watu wa idara ya samaki baada ya kusikia habari zetu. Kwao alikuwa na kikundi cha wazamiaji wa kujitolea waliosafisha matumbawe baharini, na alikuja kuona watu wa ziwani wanafanyaje. Kwanza wazee wa ufuo walibishana asubuhi nzima, kwa sababu mwanamke hapandi mashua ya uvuvi, samaki watakimbia. Mwisho waliamua kwamba mashua inayokwenda kuokota takataka si ya uvuvi, na takataka hazikimbii mwanamke. Mwalimu alishukuru kwa heshima kabisa. Kisha akavaa miwani yake ya kuzamia, akatumbukia pale pale ufuoni, akakaa chini muda mrefu mpaka wale wazee wakasimama.

Alikaa nasi wiki tatu, analala kwa familia ya mwenye duka mmoja Mwislamu pale Sori. Tulikwenda naye hadi Karungu, na mara moja hadi Sindo, kuonyesha wavuvi wa huko kazi yetu. Alitufundisha kupanga pumzi, kutovuta wavu kwa nguvu, kushika kisu na makali yakitazama mbali na mwili. Lakini zaidi ya yote alitufundisha kuhusu kamba. Kitambaa cha wavu kitaoza au kitapasuka, alisema, bali kamba ya juu haiozi. Itabaki pale, itashika wavu mwingine na mguu wa mtu. Aliyetoa wavu akaacha kamba hajasafisha kitu, ameacha mtego mpya. Alirudia hilo kila siku mpaka tukawa tunalitamka naye.

Siku moja aliniuliza kwa nini ndugu yangu huingia majini kwanza ilhali mimi ndiye mkubwa. Nilimweleza habari ya nyumba kubwa. Alitikisa kichwa na kusema, ‘Nawe umeridhika, kaka?’ Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema nimeridhika. Usiku huo sikupata usingizi.

Wiki yake ya mwisho alitangaza kwamba anaweza kumchukua mmoja wetu aende naye pwani kwa miezi mitatu. Angefundishwa kuzamia kwa mtungi wa hewa, angefanya kazi na kikundi chake kwenye matumbawe, na angerudi na miwani na viatu vya kuogelea, awafundishe wenzake. Mmoja tu. Hakutaka kuchagua kwa macho, akapanga jaribio. Aligawanya mwamba vipande sita kwa kamba zenye maboya, kila mtu kipande chake kwa kura, na Alhamisi angetazama nani anafanya kazi safi zaidi, si nani anakaa chini zaidi. Aliposema hayo maneno ya mwisho nilihisi ananitazama mimi.

Niliitaka nafasi hiyo kama sijawahi kutaka kitu. Sikuitaka kwa sababu ya pwani, wala matumbawe nisiyoyajua. Niliitaka kwa sababu mtu mmoja tu angeipata, na kama ningekuwa mimi, ndugu yangu asingekuwa kwanza wala wa pili. Angekuwa ufuoni ananipungia mkono. Niliwaza picha hiyo mpaka nikawa nacheka peke yangu nikifunga nyavu.

Kura ikanipa kipande cha magharibi. Nilipokisikia nikatamani kulia. Ni mimi niliyekuwa nimekisafisha kipande hicho. Miezi miwili nilikuwa nimeshughulikia upande ule, jiwe kwa jiwe, na nilijua hakukuwa na hata kifuniko cha chupa. Ndugu yangu alipata kipande kilichopakana na changu, na huko kulikuwa na wavu mkubwa ambao sote tuliujua, umekwama tangu mvua zilizopita. Yaani mimi nilifanya kazi, na kazi yangu yenyewe ikanitia umaskini. Yeye ambaye hakuwahi kugusa upande wake, ndiye aliyewekewa karamu chini ya maji. Nikisimulia hadi leo damu inanichemka.

Nilikuwa na wavu mmoja wa zamani nyumbani, niliufunga mwenyewe, umechakaa lakini mzima. Jumatano mchana, saa ambayo wavuvi waliovua usiku wote wamelala na ufuo ni wa kuku na mbwa, niliutia kwenye mashua ndogo ya kuazima, nikasema naenda kuangalia ndoano zangu. Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba kila mvuvi hutambuliwa kwa vyelezo vyake. Huyu hukata malapa mekundu, yule hukata vipande vya jerikani, na mimi nilikata malapa ya buluu kwa umbo la nusu mwezi. Nilivikata vyote, kimoja kimoja, nikavitupa mbali. Nikafungua mawe yangu yaliyotobolewa, nikafunga mawe ya kawaida. Kisha nikazamisha wavu ule kwenye mwanya wa kipande changu, nikaubana vizuri chini ya jiwe, kama mtu anayeficha chakula. Nilirudi nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Alhamisi asubuhi tulikuta gugumaji. Wakati huo lilikuwa limeanza kutujia kwa wingi, linasukumwa na upepo, leo liko kwenu, kesho liko kwetu. Lilikuwa limeelea na kufunika ncha ya mashariki ya mwamba, mkeka wa majani usiopitisha mashua wala mtu. Mwalimu alitazama, akafikiri kidogo, akaamua jambo rahisi. Kila mtu ajongee nafasi moja kuelekea magharibi. Mwenye kipande cha mashariki, kilichofunikwa, aingie cha jirani yake, na kuendelea hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa wa mwisho magharibi, sina pa kujongea, kwa hiyo akatuambia mimi na ndugu yangu tubadilishane tu, na wale wanne wagawane vipande vitatu vya katikati. Mimi nikapewa kipande chake chenye wavu mkubwa. Yeye akapewa changu.

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Nilitamani kusema upande ule ni wangu, niachieni, lakini nilikuwa nimepewa sehemu nzuri kuliko zote mbele ya watu, na mtu gani hukataa? Ndugu yangu alinitazama akatabasamu, anafurahi kwa ajili yangu. Nadhani alifurahi kweli. Alifunga kisu chake mkononi, na kwa vile ni yeye wa kwanza, akaingia.

Niliingia baada yake na nikafanya kazi kama mwendawazimu. Wavu wa kipande kile ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuhama, umejaa mifupa ya samaki na matope. Niliukata mahali pasipo na njia nyingine, nikafuata kamba ya juu kwa vidole mpaka mwisho wake, nikaitoa yote, na ya chini pia, mawe na kila kitu. Nilipanda na kushuka sijui mara ngapi. Kila nilipotoa kichwa nilimtafuta ndugu yangu. Alikuwa akionekana, anavuta pumzi, anazama tena. Hakucheka safari hii. Alikaa chini muda mrefu, alirudi, akakaa tena. Nilijua ameupata. Nilijiambia hatajua ni wa nani, hauna vyelezo. Nilijiambia hivyo kila nilipovuta pumzi.

Tulipopakia mizigo yetu mashuani, wangu ulikuwa mzima. Wake ulikuwa kitambaa tu, umekunjwa kwenye gunia, bila kamba. Mwalimu alikishika akakigeuza, akapapasa ukingo wake uliokatwa kwa kisu, akauliza kamba ya juu iko wapi.

‘Imebaki chini, mwalimu,’ ndugu yangu alisema. ‘Hiyo jiwe imekataa.’

Mwalimu hakupaza sauti. Alisema ameshangaa, kwamba kati ya watu wote hakutarajia hilo kwake, na kwamba anajua vizuri kamba iliyoachwa ni nini. Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imechubuka, damu inatoka kwenye viganja na kuingia kwenye maji ya mashua. Mtu aliyeweza kukaa chini kuliko sisi sote ameshindwa na jiwe moja. Wengine waligeuza nyuso kwa kumwonea haya. Mimi nilijisikia vizuri, lazima niseme ukweli, kwa muda wa kama pumzi mbili.

Kisha akaja kukaa kando yangu kwenye ubao wa nyuma. Alikamua kaptura yake. Akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini ambayo mwenye kasia hakuisikia, ‘Omera, ndugu yangu, ulitoa malapa ukasahau fundo.’

Akarudi kukamua kaptura. Na mimi sikuwa na haja ya kuelezwa. Fundo la mtu wa mkono wa kushoto hulala upande wake, kinyume na mafundo ya watu wote wa ufuo ule. Sikuwahi kufikiria hilo. Kwangu yalikuwa mafundo tu, wengine ndio waliofunga kinyume. Lakini yeye alikua akiketi upande wa pili wa ami yetu, miaka kwa miaka, anapitisha kwenye vidole vyake kamba iliyotoka kwenye vidole vyangu. Kule chini asikoona kitu aliipapasa kamba akanijua. Na alijua kwamba mtu yeyote pale ufuoni angeijua pia, angeinua kamba juani na kusema jina langu. Mtu wa kikundi cha kusafisha ziwa ameingiza wavu ziwani ili asifiwe kwa kuutoa. Wangenifukuza, na kikundi kingefia hapo. Kwa hiyo alikaa chini, akakata kitambaa chote kutoka kwenye kamba, shimo kwa shimo, akaiacha kamba, akapanda juu kukubali lawama.

Mtu mwema angemshukuru. Mimi nilitaka kumsukuma majini. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Hata wema alitangulia yeye. Nilikuwa nimetafuta maisha yangu yote jambo moja la kumzidi, na sasa hata nikipata nafasi ya kwenda pwani nitaipata kutoka mkononi mwake, kama mbegu zinazongoja mama mkubwa apone.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ilikuwa nusu saa ya makasia hadi ufuoni, muda wa kutosha kabisa. Tulipofika, mwalimu alishika bega langu mbele ya watu wote, akasema ni mimi nitakayekwenda. Watu wakapiga makofi. Ndugu yangu alipiga kwa nguvu kuliko wote, na viganja vyake vile vilivyochubuka.

Nikaenda.

Kuhusu pwani nitasema machache. Nilivaa mtungi, nikashuka, na kwa mara ya kwanza nikaona mahali ninapofanyia kazi. Maji yalikuwa wazi kama dirisha. Matumbawe yalikuwa na rangi ambazo sikuwa na majina yake, na samaki hawakutuogopa. Takataka zilikuwa zile zile za kwetu, mishipi, chupa, nyavu, malapa. Tulizitoa polepole maana tumbawe likivunjika halikui upesi. Nilifanya vizuri, kila mtu alisema hivyo. Lakini mwalimu aligundua kitu akanitania nacho mbele ya wenzake: nikishika kamba ya wavu nafumba macho. Huku kote kuna mwanga, alisema, na huyu bado anasoma kwa vidole. Walicheka, nikacheka nao. Sikumwambia kwamba kila kamba niliyoshika nilitafuta mafundo yanaelekea wapi.

Kule hakuna aliyejua habari za nyumba kubwa. Nilikuwa naingia majini wa kwanza nikitaka. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Halafu nikagundua kwamba nikitoka majini nageuka kutazama nani yuko nyuma yangu, na hayupo ninayemtaka awepo. Wivu wangu ulikosa mtu wa kukaa naye. Ulinisumbua zaidi hivyo.

Miezi mitatu ilipoisha nilirudi, na miwani yangu ya kuzamia nimeifunga ndani ya shuka katikati ya mfuko ili isikwaruzwe. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia ndugu yangu. Katika maneno hayo nilikubali kosa langu kidogo na kumlaumu yeye kidogo.

Nilifika nyumbani saa za alasiri. Mama yangu alikuwa anaanika nguo nyuma ya jiko lake. Alinikumbatia, akanishika mashavu, akasema nimekonda na nimekuwa mweusi, akarudi kwenye nguo zake kwa sababu jua lilikuwa linakwisha. Nilichukua ncha ya shuka moja ili nimsaidie. Nikatupa mkono juu ya kamba, na vidole vyangu vikaijua kabla ya macho.

Ilikuwa imefungwa kutoka nguzo ya jiko hadi kwenye mti wa mpapai, imekazwa vizuri, imesuguliwa matope yakatoka. Mafundo yangu yalikuwa juu yake yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, yamelala kushoto, kila moja na kipande kifupi cha uzi wa nailoni uliokatwa. Mama alikuwa anabana pembe za nguo kwenye vipande vile ili upepo usizichukue.

Nilimuuliza kamba hiyo imetoka wapi. Nadhani sauti yangu ilitoka vibaya, maana alinitazama.

‘Si ni yako?’ alisema. ‘Nilijua ni mkono wako siku ile ile alipoileta. Ya kwangu ilikuwa imekatika. Nilimuuliza ndugu yako ameipata wapi, akasema umempa wewe kabla ya kusafiri.’

Alichukua nguo nyingine kwenye beseni, akaikung'uta.

‘Nilikaa pale jikoni nikalia kidogo,’ akasema. ‘Tangu umezaliwa, mwanangu, sijawahi kusikia umempa huyo mtoto kitu.’

Nilichukua nguo iliyofuata. Niliendelea kuanika. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa yamenitoka, na lililobaki ni kwamba mama yangu alikuwa na furaha, kwamba furaha yenyewe ilikuwa uongo, na kwamba uongo huo ulisemwa na yule yule, kwa ajili yangu. Alizama tena mwenyewe kuitafuta, bila mwalimu wala makofi. Alitoa kamba kama tulivyofundishwa. Kisha kati ya vitu vyote ambavyo angeweza kuifanyia, akamletea mama yangu.

Ndugu yangu alisikia nimefika, akapita kwenye uwazi wa ua akitembea haraka. Alinisalimia kwa mikono miwili. Akanitania kama msafiri yeyote anavyotaniwa, akauliza nimemletea nini kutoka pwani. Mama yangu alisimama na beseni ubavuni, anatutazama, na uso wake sikuwa nimewahi kuuona vile.

Nikafungua mfuko, nikatoa miwani, nikampa.

Sitajidai. Nilimpa kwa sababu mama alikuwa anatazama. Kama angekuwa ndani ya nyumba sijui ningefanya nini, au najua. Ndugu yangu aliigeuza miwani mikononi, akaivaa hapo hapo katikati ya nguo zilizoanikwa, akatazama huku na huku kama mtu aliye chini ya maji, na mama akacheka mpaka akaweka beseni chini. Mimi nilitazama viganja vyake. Vilikuwa vimepona.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda mwambani. Aliingia kwanza, na miwani yangu.

Mama yangu amekwishafariki, na sikumwambia kamwe. Ile kamba ilidumu kuliko nguzo ya jiko, ikahamishiwa nguzo mpya, na ndugu yangu ndiye aliyeihamisha. Roho iliniuma nilipompa ile miwani, na ninapoandika haya bado inaniuma.